Namna ya Kutunza Mirathi ya Mtoto Bila Kuila

Kaka yako amefariki na wosia wake umemwachia bintiye wa miaka 5 nyumba ya vyumba sita Mbagala. Mahakama ya Mwanzo imekuthibitisha kuwa msimamizi wa mirathi. Umepewa kazi, hujapewa nyumba. Fanya hivi.

1. Orodhesha kila kitu. Andika nyumba, cherehani, friji, fedha za kwenye simu na madeni pia. Orodha hiyo, kwenye Fomu Namba V, inatakiwa mahakamani ndani ya miezi 4 tangu uteuliwe. Televisheni iliyohamia kwa baba mdogo usiku wa matanga nayo iandike, na jina la baba mdogo pembeni. Itarudi.

2. Pokea wageni. Baada ya arobaini watakuja. Baba mdogo ataomba kodi ya miezi sita anunue bodaboda ya kumlea mtoto. Shangazi atakumbuka kwamba marehemu alimwahidi chumba cha mbele, wakiwa wawili tu, bila shahidi. Wape heshima yao na chai yao: "Shikamoo shangazi. Nimekusikia. Kesho asubuhi twende tukamweleze hakimu." Ikifika asubuhi, shangazi ana safari.

3. Tenganisha fedha. Kodi ya wapangaji isiingie kwenye simu yako ikachanganyika na pesa ya umeme na ya vocha. Fungua akaunti ya mirathi na uwe na daftari: Machi, kodi ya chumba cha mbele, 60,000, bati tatu na fundi, 110,000, sare na viatu vya shule, 45,000. Bana risiti hapo hapo. Ada na matibabu ya mtoto ni matumizi halali. Harusi ya mdogo wako si matumizi halali, hata kama mtoto ndiye atakayebeba maua.

4. Usikimbilie kuuza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika ipasavyo na mali ya mzazi wake. Ndugu anayekuhimiza uuze wiki hii mwulize dalali wake ni nani. Ukilazimika kuuza, anza mahakamani, na hoja zako ziwe kwenye maandishi.

5. Kabidhi hadharani. Mtoto akitimiza miaka 18, mwite yeye, wazee wa ukoo na mjumbe wa mtaa. Soma daftari lote, kisha mpe hati na funguo. Surat An-Nisaa, aya ya 6, inawaagiza walezi wa yatima kuweka mashahidi wanapokabidhi mali, na agizo hilo linamfaa msimamizi wa dini yoyote.

Ukiona hatua hizi zimekushinda, mwambie hakimu mapema ateue mwingine. Kukataa usimamizi si aibu. Kula mali ya yatima ni aibu, ni dhambi, na ni kesi.