Mchovya Mtindi

Nesi alinitazama kama msimamizi wa mtihani aliyemkuta mtu na karatasi soksini. "Lehemu imepanda, baba. Chipsi unakula na nini?"

Nikasema, na chumvi.

"Na nini tena?"

Na kachumbari kidogo. Akanyamaza. Ukimya wa nesi una nguvu kuliko rungu la mgambo, nikajikuta nimeungama yote: kwamba nala mayonezi, tena ya kopo kubwa, na kwamba huchovya hata muhogo, na siku moja, usiku, watu wamelala, nilichovya kitumbua.

Akanipigia hesabu mgongoni mwa bahasha ya vipimo vyangu. Kijiko kikubwa cha mayonezi, kalori 90 na ushei. Kijiko hicho hicho cha mtindi usiotiwa sukari, 10 hivi. "Chukua mtindi mzito, tia kitunguu saumu, kamulia ndimu, chumvi iwe kidogo. Hapo hata ukichovya sikusemi." Nilitoka pale nimekamata neno moja tu, hilo la kuchovya.

Ijumaa nikapitia dukani. Kwenye friji makopo meupe yamejipanga, nikachagua lenye picha ya ng'ombe, kwa kuwa sijawahi kudanganywa na ng'ombe. Nyumbani nikatwanga punje sita za kitunguu saumu na pilipili mbuzi moja, nikakatia kotimiri, nikakoroga. Rangi ilipendeza. Mke wangu alikuwa amekaanga bajia za kunde, na kaka yake alikuwa amekuja kutusalimia, kwa maana ile ya kuja saa ya chakula.

Shemeji akachukua bajia, akaizamisha mpaka vidole, akatia mdomoni. Taya likasimama.

"Shemeji," akasema taratibu, "hii ni ya kula au ya kupaka?"

Mke wangu akaenda kulitoa kopo kwenye ndoo ya taka, akalisogeza kwenye taa. Chini ya kwato za ng'ombe, kwa herufi za ukubwa wa sisimizi, palikuwa pameandikwa vanila. Sijui nikueleze vipi vanila ikikutana na kitunguu saumu. Chukulia keki ya harusi imedondokea kwenye sufuria ya mchuzi wa pweza, na bibi harusi anakutazama uimalize. Wahenga walisema mchovya asali hachovyi mara moja. Mchovya vanila ya saumu huchovya mara moja tu, kisha huomba maji.

Nikaapa: kuanzia leo nagandisha mwenyewe. Nikanunua lita mbili za maziwa kwa kijana anayepita na madumu kwenye baiskeli, nikachemsha mpaka yakapanda, na kwa kuwa mimi si mtu wa kupoteza muda, nikamimina hapo hapo vijiko vitatu vya mtindi wa mbegu, yakiwa bado yanatokota. Nikafunika sufuria, nikaivika blanketi, nikaikalisha kwenye kiti kwenye kona. Jirani alipita mlangoni, akaona blanketi, akapunguza sauti: "Mtoto ana homa?"

Asubuhi nikafunua. Maziwa yalikuwa maziwa. Hata utando wa jana ulikuwa palepale.

Nilisoma baadaye kwenye simu, muda ambao watu wengi husomea, yaani baada ya ajali. Kazi ya kugandisha hufanywa na vijidudu viwili. Kimoja kinaitwa Streptococcus thermophilus, kingine Lactobacillus bulgaricus, na hicho cha pili jina lake limetoka Bulgaria, maana aliyekitambua, mwaka 1905, ni Mbulgaria Stamen Grigorov, wakati huo mwanafunzi huko Geneva. Vyote viwili hupenda joto la nyuzi 43 hivi. Mimi nilivikaribisha kwenye nyuzi zisizopungua 90. Nimeangamiza ukoo mzima wa Kibulgaria, hapa kwetu Tabata, kwa mwiko.

"Unatia kidole," mke wangu akasema bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichagua. "Ukihesabu mpaka kumi bila kupiga kelele, hilo ndilo joto lake."

"Kumbe ulikuwa unajua?"

"Baba Zuhura, uliniuliza?"

Mara ya pili ukaganda. Nawaambieni ukweli, kuna raha ya peke yake katika kuchota kijiko cha kwanza: panabaki shimo lenye kuta zilizonyooka kama limekatwa kwa kisu, na baada ya kitambo kidogo maji mepesi yanajikusanya chini yake, kama kisima. Niliita familia nzima waje waone shimo. Walikuja, wakaliona, wakaondoka.

Tatizo, mtindi ule haukukaa kwenye bajia. Unachovya, unainua, unatiririka mpaka kiwiko. Mashariki ya Kati wanajua dawa yake: wanauchuja kwenye kitambaa hadi uwe labne. Chujio la nazi lina matundu ya kupitisha mbaazi. Kanga za mke wangu nilizitazama, nikakumbuka kwamba bado nina watoto wa kusomesha, nikazifungia kabati. Kisha usiku wa Jumapili, kwenye kamba ya nguo, nikaona kitambaa cheupe, chepesi, safi, kinanukia sabuni. Nikamimina, nikakusanya pembe, nikafunga fundo, nikakining'iniza kwenye bomba la jikoni, beseni chini. Tone. Tone. Tone. Nililala nikiusikiliza kama mtu anayehesabu mshahara.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri: "Nani kaona ushungi wangu?"

Nyumba ikanyamaza. Tone.

Zuhura akasimama mlangoni pa jikoni na sare yake, akatazama bomba, akanitazama mimi, akatazama bomba tena. "Baba. Huo si wa shule?"

Aliondoka na ushungi wa mwaka juzi, ambao siku hizi unamwishia shingoni kama kitambaa cha kinyozi. Alinisemesha tena Alhamisi.

Lakini ndani ya ushungi, jamani! Kitu kizito, cheupe, kina alama za nyuzi za kitambaa, kijiko kinasimama chenyewe. Ila lita mbili zimekuwa bakuli moja, na beseni zima ni maji ya manjano yenye ukijani. Nilihisi nimeibiwa na sikujua nimshitaki nani. Nikayatia kwenye chupa, nikaweka kwenye friji, kwa sababu nilisoma kwamba yanafaa kukandia chapati. Shemeji, aliyekuja tena kutusalimia, alimaliza nusu chupa na kulalamika kwamba ndimu za mwaka huu hazina ukali.

Habari ya tango naipita haraka. Nililikwaruza likaingia na maji yake, na kabla ya magharibi bakuli lilikuwa bwawa. Wagiriki katika tzatziki yao hulitia chumvi kwanza na kulikamua kama nguo. Sasa nami nakamua.

Jumamosi ya tatu kila kitu kilikaa sawa. Mtindi mzito, saumu punje moja badala ya sita, ndimu, kotimiri, tango lililokamuliwa mpaka likakoma. Na siku hiyo hiyo mama yangu akateremka kwenye basi kutoka Kondoa. Huyu si mtu wa kuonjeshwa ovyo. Mama yake yeye alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa yaliyoganda tangu jua likichomoza, mpaka siagi ijitenge, aitoe, na kinachobaki ndio mtindi wenyewe, mafuta yameshaondoka bila nesi wala bahasha.

Nikampa shikamoo, nikamtengea muhogo wa kuchemsha na bakuli langu katikati.

"Mama, onja. Nimegandisha mwenyewe."

Akainama, akanusa. Akaniangalia kwa huruma, ile aliyoniangalia nayo nilipofeli hesabu darasa la nne.

"Mwanangu, maziwa yako yameingia harufu ya vitunguu. Hili friji lenu hamlisafishi?"

Kabla sijafungua mdomo ameshavuta kopo la sukari. Kijiko kimoja. Viwili. Vitatu. Akakoroga kwa utulivu, na tango ndani yake likizunguka. Mke wangu akawa anakagua dari. Mama akalamba kijiko, akafumba macho, akafikiri.

"Bado," akasema, akatia cha nne. Akachovya kipande cha muhogo, akatafuna.

Kisha akachovya tena.