Namna ya Kuoka Bata Mzinga na Wewe Ukiokwa

Kwanza kabisa, usiangalie utabiri wa hali ya hewa. Anayeuangalia hukata tamaa mapema, na Krismasi ya Kiingereza haipikwi na waliokata tamaa. Tarehe 25 Desemba 2021 jiji la Perth, Australia Magharibi, lilifika nyuzi joto 42.8, Krismasi ya moto kuliko zote zilizowahi kupimwa hapo. Mzee jirani yangu, mzaliwa wa Yorkshire, aliwasha oveni saa moja asubuhi kama kawaida yake. Nilimwona juu ya uzio: kaptura, kandambili, na aproni yenye picha ya mtu wa theluji. Akanipungia mkono, akasema leo kuna kajoto kidogo. Mkewe alikuwa ndani anamenya viazi, miguu kaitumbukiza kwenye beseni la maji.

Haya ninayokuandikia nimeyapata juu ya uzio huo, mwaka hadi mwaka. Nakuandikia wewe Mswahili mwenzangu uliyehamia huku, ukapata jirani Mwingereza (Perth huwezi kumkosa, wamejaa), na sasa watoto wako wanauliza kwa nini nasi hatuli kama wao. Sisi wa Tanga joto la Desemba hatukulihamia, tulizaliwa nalo, na pilau haiulizi nyuzi ngapi. Mlo wa wenzetu ulitungwa na watu waliokuwa wakitetemeka. Bata mzinga, viazi vya kuoka kwa mafuta, mchuzi mzito, vile vikabichi vidogo vya Brussels, na juu yake keki ya mvuke: kila kilichomo sahanini kiliajiriwa kumpa mtu joto. Sasa umekileta mahali ambapo joto linagawiwa bure, na kwa upendeleo.

Anza na hiyo keki, yaani pudingi, maana haisubiri Desemba. Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, mwishoni mwa Novemba, ndipo inapokorogwa: zabibu kavu, mafuta ya figo ya ng'ombe, sukari guru, mayai, viungo na brandi. Funga kwenye kitambaa, chemsha saa sita. Ndiyo, saa sita, na madirisha yatafunga ukungu kama hamamu. Kisha itundike ikomae, halafu siku yenyewe uichemshe tena saa mbili, usije ukadhani umemaliza kuteseka.

Ndani yake huwekwa sarafu, atakayeipata awe na bahati. Hapa ndipo mambo yanapokuwa matamu. Australia iliacha shilingi na peni ikaanza dola tarehe 14 Februari 1966, na akina mama wakagundua kwamba sarafu mpya za shaba na nikeli zikichemshwa ndani ya pudingi huiachia rangi ya kijani. Zile za zamani zilikuwa na fedha halisi, hazina neno. Kwa hiyo familia zikazificha. Mke wa mzee, ambaye amezaliwa hapa hapa kwa wazazi Waingereza, anazo sarafu saba za peni tatu ndani ya kopo la majani ya chai, urithi wa mama yake. Mtoto akiipata moja mdomoni, anapewa dola mbili na peni tatu inarudi koponi baada ya kuoshwa. Mwaka mmoja zilirudi sita tu. Mezani hakuna aliyekiri. Mpaka leo mjukuu mmoja akikohoa, bibi humtazama kwa jicho la mhasibu.

Pudingi huletwa mezani inawaka. Unaimwagia brandi ya moto, unawasha kiberiti, watu wanashangilia. Kule London jua la Krismasi linazama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo moto ule wa buluu unaonekana vizuri. Perth siku hiyo jua linazama saa moja na dakika ishirini hivi. Ukiwasha brandi saa nane mchana, hakuna atakayeona kitu. Utakuwa umesimama mbele ya ukoo mzima umeshika keki nyeusi, unaapa kwamba inawaka. Dawa aliyoipata mzee ni kuwaingiza wageni wote bafuni, watu kumi na mmoja, pazia limefungwa, taa imezimwa, yeye amesimama ndani ya beseni la kuogea na sahani yake. Nilikuwepo. Nilikuwa nimebanwa kati ya sinki na shangazi wa Leeds. Ule moto ni mzuri kweli, sikatai, ila hewa ya kupumua iliisha kabla ya brandi.

Bata mzinga mwenyewe hana hadithi ndefu. Wa kilo tano anakaa motoni kama saa tatu, na nyumba inakaa naye. Wenye akili walishamhamishia uani, kwenye jiko la gesi lenye mfuniko, wakaokoa sebule. Usijaribu kumpika kwa mkaa kama mishkaki ya Forodhani. Siku za hatari ya moto serikali hutangaza marufuku, na jiko la mkaa la nje haliruhusiwi kabisa. Nilijifunza hilo nikiwa na kipepeo mkononi na nyama tayari imekaa kwenye vijiti. Jirani wa upande wa pili alinieleza sheria kwa upole, huku ameshika mpira wa maji wa bustanini.

Chakula kikiwa tayari, msubiri Daktari. Huyu si mtu, ni upepo wa bahari ambao wenyeji wanauita Daktari wa Fremantle, kwa sababu huingia mchana kutokea upande wa bandari hiyo na kuponya jiji zima. Mwingereza mzoefu hupanga saa ya kula kwa kumtegemea. Tatizo ni kwamba siku za joto kali ule upepo wa jangwani kutoka mashariki humzuia, na Daktari akachelewa kama daktari yeyote. Siku ile ya 2021 tulimsubiri hadi mchuzi ukaota ngozi.

Usidhani hawa watu hawabadiliki. Wanabadilika kwa mkopo, kidogo kidogo, na bila kukiri. Mwaka wa kwanza mlo mzima unatoka kwenye oveni. Mwaka wa tatu viazi vinageuka saladi baridi, "kwa ajili ya watoto tu". Halafu linaingia paja zima la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi na moshi, linaliwa baridi na kuishi kwenye friji ndani ya mfuko wa kitambaa uliolowekwa maji na siki, likichongwa kipande kipande hadi karibu na Mwaka Mpya. Siku moja wanatokea kamba wa kuchemsha, wamelazwa juu ya barafu, na mzee anaeleza kwamba hao ni wa kufungulia kinywa tu. Kilo tatu za kufungulia kinywa! Mwishoni mwa 2020, China ilipoacha kununua kamba koche wa Australia, bei ya hapa ikaanguka, na hata nyumba zilizoapa kufa na bata mzinga zikaonekana zinavunja magamba uani.

Kitu cha mwisho kuhamia ni kitindamlo. Wenyeji wana pavlova, mlima wa ute wa mayai na sukari uliookwa usiku uliotangulia, ukapakwa krimu na pasheni, na kupewa jina la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezuru Australia na New Zealand mwaka 1926. Usiulize mezani ni nchi ipi kati ya hizo mbili iliyoibuni. Kuna ndoa zilizoyumba. Ipo pia pudingi ya aiskrimu, matunda yale yale kavu yaliyogandishwa badala ya kuchemshwa. Mimi naona ndicho kitu cha busara zaidi kilichowahi kutokea katika upishi wa Krismasi. Mzee anaila, anaomba tena, kisha anasema hiyo si pudingi.

Wapo walioshindwa kabisa, wakaamua kula mlo huo Julai, katikati ya baridi ya huku. Unatelemka vizuri kooni, lakini mzee anasema ni sawa na kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mtu mwingine.

Na usisahau taji la karatasi. Kila mgeni huvaa moja, na halivuliwi hadi chai. Chagua la njano. Nyekundu ikikutana na jasho inachuja rangi, na utaonekana kwenye picha za familia yao kama mtu aliyetoka kwenye ajali.

Kabla hujawacheka sana, kumbuka sebule ya kwenu. Sisi Tanga tulikata tawi la mvinje, tukalibandika pamba tukaita theluji, feni ikipuliza, na pamba ikiangukia kwenye pilau. Hakuna aliyetuuliza hiyo theluji tuliionea wapi.

Kwa hiyo ukialikwa, nenda, tena nenda na njaa. Usipeleke divai, wanayo ya kutosha. Peleka mifuko miwili ya barafu, na uinunue tarehe 24. Siku yenyewe maduka makubwa ya Perth hufungwa.