Mwongozo kwa Aliyekabidhiwa Mlango wa Kanisa

Hongera, mzee wetu. Beji umeibandika kifuani, viatu umevipiga rangi, na kuanzia leo wewe ndiwe mwenye mlango. Kabla kengele ya pili haijalia, soma haya.

Anza na ile kanga iliyotundikwa msumarini, ya kuwafunga akina dada wanaokuja na suruali. Itoe. Ikunje vizuri umpelekee mama aliyejifungua juzi. Kwake ina kazi. Binti anayeingia na suruali saa moja asubuhi huenda ametoka zamu ya usiku, akaona apite kwa Mungu kwanza ndipo akalale. Mwambie, "Karibu, dada," umwonyeshe benchi lenye nafasi. Kazi yako imeishia hapo.

Akitokea wa kukuambia kwamba mambo yamekuwa hivi tangu enzi, mpe kiti umuulize habari za ngoma. Wamisionari wengi walizikataza kanisani, zikaitwa za kipagani. Mwaka 1958 kwaya ya Kamina, kule Katanga, ikarekodi misa iitwayo Missa Luba kwa ngoma zake, chini ya Padre Guido Haazen. Mwaka 1963 Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukaagiza muziki wa mataifa yaliyopokea Injili upewe heshima yake. Leo ngoma ikikosekana, kwaya inanuna. Mungu hakubadilika katikati ya miaka hiyo. Sisi ndio tuliokuwa tumemsemea.

Sasa tuje kwenye daftari la zaka, maana hapo ndipo watu wanapoumia. Nimewahi kusimama uani kwenye msiba, jeneza limeshafungwa, katibu wa jumuiya ameketi kwenye kiti cha plastiki akitafuta jina la marehemu. Kidole chake kilishuka mstari kwa mstari. Zaka ya miaka miwili haikuwemo. Mjane alikuwa pembeni, amefungua fundo la kanga, anahesabu noti za elfu mbili mbili. Hakuna aliyemzuia, nami sikumzuia. Ibada ilianza baada ya risiti kukatwa.

Siku ukiwa wewe ndiwe mwenye daftari, lifunge. Ikibidi, likalie. Kisha ingiza mkono mfukoni mwako uchangie sanda.

Yesu aliyajua haya. Katika Marko 7 viongozi wa dini walimlalamikia kwamba wanafunzi wake wanakula bila kunawa kwa desturi ya wazee, yeye akawarudishia Korbani: desturi iliyomruhusu mtu kuiweka mali yake wakfu, baba na mama wakabaki mikono mitupu. Amri ya Mungu ilivunjwa, na waliovunja wakaonekana wacha Mungu. Katika Mathayo 23 wako waliotoa zaka mpaka ya bizari na jira, huku haki na rehema wamezipita. Hakuwakataza kutoa. Aliwadai lile kubwa waliloliruka.

Kanisa haliishi bila taratibu, hilo nakubali kwa moyo wote. Lazima mtu afagie, paa lizibwe, sadaka ihesabiwe na zaidi ya mtu mmoja. Lakini utaratibu wa kuhesabu sadaka haujapewa ufunguo wa kaburi.

Kwa hiyo kikao chenu kijacho kikitaka kuongeza sharti, fungueni kwanza Matendo 15. Mitume walikaa Yerusalemu kuamua kama watu wa mataifa watahiriwe ndipo wapokelewe. Wakakataa kuwatwika mzigo huo, wakaandika barua yenye mambo manne. Manne tu, kwa watu waliokuwa wametoka kwenye sanamu jana! Chukueni karatasi mhesabu ya kwenu. Kila moja muulizane: hili kasema Mungu, au tumelisema sisi? Na nani analia kwa sababu yake? Lile ambalo Mungu hakulisema na mjane analilia, lifuteni siku hiyo hiyo, msisubiri mkutano mkuu.

Kengele hiyo inalia. Fungua milango yote miwili, mzee wetu. Yule dada wa suruali anapanda ngazi. Mkaribishe kabla hajapiga hodi.