Barua ya Wazi kwa Tume ya Ulaya: Tarakimu Sita Baada ya Nukta

Waheshimiwa Makamishna, Jengo la Berlaymont, Brussels.

Hongereni kwa Kanuni namba 2023/1115, inayofunga mlango kwa kahawa, kakao na mazao mengine ya shamba lililofyekwa msituni baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Kila shamba litatajwa kwa latitudo na longitudo zenye tarakimu sita baada ya nukta. Kwenye miteremko ya Rwenzori, karibu na ikweta, tarakimu ya sita ni kama sentimita 11. Wazungu waliotangulia walibandika majina ya Albert na Margherita vileleni bila kuuliza nani analima chini yake. Ninyi mnataka kumjua mkulima huyo hadi upana wa kiganja. Tarehe nayo mmeichagua kwa ustadi. Msitu wa Soignes, unaofikiwa kwa tramu ya 44 kutoka hapo mjini, ulikabidhiwa benki ya Société Générale mwaka 1822; serikali ya Ubelgiji ilipouchukua mwaka 1843, zilikuwa zimebaki hekta 4,400 hivi. Bahati njema, shoka lile lilikwisha kustaafu, na mwaka 2025 mkaiandika Ubelgiji miongoni mwa nchi zenye hatari ndogo.

Mtajibu kwamba misitu inaisha kweli. Inaisha, na anayebisha hajatazama Kivu. Lakini huko msitu unaliwa zaidi na mkaa, mashamba ya chakula na vita visivyokoma, kuliko arabika ya nusu hekta inayomea chini ya kivuli. Mibuni na miti yake ya kivuli huushika udongo wa mteremko. Kasese, upande wa Uganda, iliyosombwa na mto Nyamwamba mwaka 2013 na tena 2020, haihitaji kufundishwa hilo. Kwenye picha ya setilaiti shamba la namna hiyo hufanana na msitu, kwa hiyo mkulima anayepunguza miti yake ya kivuli anaweza kuonekana mharibifu, na jirani asiyebakiza hata mti mmoja, mradi alifyeka mapema, akapita akiwa msafi. Na mkulima akikosa mnunuzi hageuki mhifadhi. Atang'oa mibuni apande muhogo, au atachoma mkaa. Umoja wenu ni mfadhili mkubwa wa Hifadhi ya Virunga, ambayo imejenga mtambo wa umeme wa maji Mutwanga, chini ya Rwenzori, ili watu wauache mkaa huohuo. Yaelekea ofisi zenu mbili hazinywi kahawa pamoja.

Mtasema pia kwamba mzigo ni wa mwagizaji, si wa mkulima. Kwenye karatasi, ndivyo. Ila mwagizaji ana akili timamu: kati ya shamba moja kubwa la Brazil, lenye ramani moja, na wakulima elfu moja waliotawanyika juu ya migongo ya mlima, atachagua usingizi wake. Tena sheria inaijua nukta, haiijui njia. Buni ya Beni imezoea kuvukia Uganda kwa magendo. Wanande wa upande huu wa Kongo na Wakonzo wa upande ule wa Uganda ni ndugu, na mpaka ni mto wa kuvuka. Gunia moja hubeba mavuno ya migongo mitatu au minne. Ndani ya gunia hilo tarakimu sita hazina kazi, isipokuwa kwa mlanguzi, ambaye ataazima nukta ya shamba safi na kuiuza pamoja na kahawa chafu.

Hoja yenu nzito kuliko zote niliisikia Septemba 2025. Sheria, iliyokwisha kusogezwa kutoka Desemba 2024 hadi Desemba 2025, iliombewa mwaka mwingine kwa kuwa mfumo wenu wa kompyuta ungeelemewa. Sasa wafanyabiashara wakubwa wanangoja tarehe 30 Desemba 2026. Nawapa pole. Mashine iliyoko Ulaya, yenye umeme na wahandisi, imepewa ruhusa ya ugonjwa. Mkulima wa Bulongo, anayepanda mgongo mzima kutafuta mtandao, hajaulizwa kama anajisikia vizuri. Basi naomba aandikiwe cheti kama hicho. Gharama ya kupima shamba lake iingie katika bei anayolipwa, ramani ibaki mali ya ushirika wake, na asikataliwe sokoni kabla hajapimiwa. Kama bajeti haitoshi, punguzeni tarakimu mbili. Kwa mlima wenye urefu wa mita 5,109, kosa la mita 11 linavumilika.