Baba Mkwe Alitangulia Kufika

Baba mkwe alifungua mlango, akashuka taratibu, akachukua fimbo yake na kuniambia kwa ule upole anaoutumia kuwaaga wagonjwa: "Mwanangu, wewe pambana nayo. Mimi nitakusubiri juu." Akaanza kuupanda mlima wa Ihandiro kwa miguu, mzee wa miaka sabini na ushei, ndani ya koti la sherehe. Mimi nilibaki nimeshika usukani wa pikapu ya lita 2.7. Na kweli alinisubiri. Nilipofika walikuwa wameshakula.

Nyuma tulikuwa tumepakia mbuzi wa mahari ya shemeji yangu, kreti za soda, mashangazi wanne na taniboi. Tulipopita Bwera, mji wetu wa mpakani na Kongo, watoto waliacha mpira kuja kutazama gari lenye mngurumo ule, na vijana wa boda boda wakaninyooshea dole gumba. Nikajibu kwa kukanyaga mafuta kidogo, nao wakashangilia. Baada ya lami kwisha, mwinuko wa kwanza ukaanza. Nikapunguza gia. Injini ikatetemeka, ikakohoa, ikatoa moshi mweusi, ikazima. Nikakanyaga breki, pedali ikagoma kubonyea. Tukaanza kurudi nyuma. Taniboi aliruka na jiwe, tairi likalipanda jiwe na kuliacha; akatupa la pili, hilo likashika, ila mashangazi walikuwa wameshaanza kuomba kwa sauti na mbuzi mmoja alikuwa njiani kurudi Bwera.

Nikawasha tena, nikaingiza foo-wili, gia ya chini kabisa. Chini ya mizunguko 2,500 gari halina nguvu ya kusogea. Juu ya 3,000 magurudumu yanazunguka bure na kuwarushia tope waliokuja kusukuma. Katikati hapakuwa na kitu. Hapo akapita kijana wa boda boda na magunia mawili ya kahawa, akasimama, akaniuliza, "Bosi, nikuvute?" Hakuwa anatania. Ndipo baba mkwe akafungua mlango.

Kosa lilikuwa la kamshafti: nilikuwa nimefunga za mashindano. Acheni niwaeleze hiki kitu, maana tangu siku ile nalala nacho na kuamka nacho, na mke wangu ameniomba nisikizungumzie mezani.

Kamshafti ni mhimili wa chuma wenye vinundu vya umbo la yai. Ncha ya kinundu ikifika juu ya valvu, inaibonyeza na valvu inafunguka. Ikipita, springi inairudisha. Injini yangu, Toyota 3RZ ya injekta, ina kamshafti mbili na valvu 16: nusu za kuingiza hewa na petroli, nusu za kutoa moshi. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti inazunguka mara moja. Kwa hiyo kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 25 kwa sekunde moja, wakati wewe dereva unatafuta stesheni ya redio. Fundi aliponipigia hesabu hiyo nilikaa chini kwenye tairi.

Siri yote imo katika umbo la kinundu. Ndicho kinachoamua valvu ishuke kiasi gani na ikae wazi muda gani, na muda huo hupimwa kwa digrii za mzunguko wa kranki. Sasa sikieni utamu wake: valvu ya kuingiza haifungi pistoni inapofika chini. Inachelewa makusudi, hadi pistoni imeshaanza kupanda. Hewa nayo ina uzito. Ikishashika kasi kwenye bomba inaendelea kujisukuma ndani hata kama pistoni inakuja kuikabili. Kamshafti ya mashindano ina digrii nyingi, inachelewa sana kufunga, na kwenye mizunguko 5,000 silinda inashiba hewa ambayo ile ya kiwandani isingeipata. Lakini kwenye 1,500 hewa haina kasi yoyote. Pistoni inapanda, valvu bado iko wazi, hewa inarudishwa ilikotoka. Gari lenye mzigo, kwenye mlima, linaishi hukohuko kwenye 1,500.

Kabureta ingelivumilia jambo hilo kwa manung'uniko. Injini ya injekta ina kompyuta, na kompyuta haisamehe. Kwenye yangu, hewa inapimwa na waya mwembamba wenye moto uliowekwa njiani, kisha kompyuta inaamua petroli imwagwe kiasi gani. Waya ule haujui hewa inaelekea wapi. Ikiingia inahesabiwa, ikisukumwa nje inahesabiwa, ikirudi inahesabiwa tena, kama karani wa mpakani Mpondwe anayeandika gunia lilelile la chumvi ya Katwe kila linapovuka kwenda Kasindi na kurudi kwa kukosa mnunuzi, kisha akaripoti kwamba biashara imeshamiri. Petroli ikamwagwa kwa ajili ya hewa ambayo haikuwepo. Hicho ndicho kikohozi, na ndio moshi mweusi.

Breki nazo zina hadithi yao. Servo inayokusaidia kukanyaga hupata nguvu kutoka kwenye ombwe la manifoldi. Kamshafti ya digrii nyingi huacha valvu za kuingiza na za kutoa zikiwa wazi pamoja kwa muda mrefu zaidi, na injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta ombwe linakuwa dhaifu. Ongeza kwamba Bwera iko karibu mita 1,000 juu ya bahari, na Ihandiro juu zaidi; hewa yetu imepungua kama sehemu moja ya kumi kabla hata hujawasha gari.

Haya yote yalijulikana kwa mtu aliyeniuzia kamshafti hizo. Duka liko Kampala, jina silitaji. Kamshafti za awali zilikuwa zimelika, fundi wangu wa Kasese alikuwa ameshaifungua injini yote, nikatumwa spea. Muuzaji akaniuliza swali moja tu: "Mzee, unataka za kawaida au za moto?" Duka limejaa watu. Nionyesheni mwanamume aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Kasese atakayesema, mbele ya wateja, "Za kawaida." Hakuna aliyeniuliza ninapanda wapi wala ninabeba nini. Wala hazikuwa mpya. Zilikuwa zimesagwa: hupunguzwa chuma upande wa mgongo wa yai ili ncha ionekane imerefuka, na fundi wako atafute shimu nene za kuziba nafasi. Kazi hiyo ni halali, hufanywa duniani kote. Bei niliyolipa ilikuwa ya chuma kipya.

Na hapa mzaha unaniisha, maana shida yenyewe ni barabara. Juni 2021 marais wawili, wa Uganda na wa Kongo, walizindua mpakani kwetu mradi wa barabara za Kongo. Kipande cha Kasindi hadi Beni peke yake ni kilomita 80. Sina ugomvi na Beni, nina wateja Beni. Lakini kahawa ninayowapelekea inateremka kutoka vilimani kwa njia za udongo, ambazo mvua moja inazigeuza mifereji. Mei 2013, na tena Mei 2020, mto Nyamwamba ulishuka na mawe ukabomoa madaraja, nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mama wa Kikonzo anayeteremsha gunia mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, hahitaji kamshafti. Anahitaji kalvati. Na kila shilingi ninayoitia kwenye injini hii ni ya barabara niliyokwisha kuilipia kwenye kodi ya petroli.

Yaliyonipata baada ya mlima ule, kabla sijazing'oa zile kamshafti, yalikuwa madogo. Kwenye kizuizi cha barabarani, polisi alidhani anayetetemeka ni mimi. Njia ya Kikorongo, ndani ya hifadhi, petroli iliisha mbele ya tembo. Mazishini mchungaji aliomba injini izimwe ili asikike. Ikazimwa, na haikuwaka hadi kesho yake.

Mwenye pikapu ya injekta anayepanda na mzigo achukue kamshafti za kiwandani, nzima, hata za mtumba. Akilazimika kubadilisha, achague za digrii chache, ambazo nguvu yake inaanzia chini kabisa, kwenye 1,000, hata kama ikikatika mapema. Yangu sasa ina zilizotolewa kwenye Toyota Surf iliyogongwa, na abiria huniuliza kama nimewasha.

Zile za moto zinauzwa. Ziko Bwera, zimepakwa grisi na kufungwa kwenye gazeti. Kama unaishi kwenye lami, huna mzigo, na unapenda kusikika kabla ya kufika, njoo tuelewane bei. Shimu nakupa bure.