Waacheni Watoto kwa Nkambo, Nendeni Lubumbashi

Sisi watu wa Mokambo, hapa mpakani, mji wa Lubumbashi tunaujua, lakini kila tukienda tunakwenda na shida. Tunampeleka mgonjwa, tunakwenda matanga, tunafuata karatasi za shule au mali ya duka. Muulize bwana na bibi waliokaa miaka 15 katika ndoa: lini mlitembea pale wawili tu, bila mfuko kichwani? Wataangaliana. Mimi na baba wa watoto tulikwenda mwezi wa nane, siku mbili, makusudi. Haya ndiyo mazuri ya safari ile, nikihesabu kutoka la nane mpaka la kwanza.

8. Kuaga. Watoto wanne tuliwapeleka kwa nkambo yao. Kitinda mimba akauliza, "Mtaniletea nini?" Baba yake akajibu, "Nitakuletea mama yako akiwa amelala vizuri." Na kweli alinileta hivyo.

7. Barabara. Ondokeni alfajiri, kabla malori ya Kasumbalesa hayajaanza kusukumana. Kutoka hapo mpaka Lubumbashi ni kama kilomita 90. Mume wangu kazi yake ni karatasi za dwani, kwa hiyo kila lori lililopita alilisomea mzigo: hili salfa, lile shaba, lile sijui. Nikamwambia, "Mimi nami ni mzigo, nisome." Hakutazama lori tena mpaka tunaingia mjini.

6. Kulala mpaka saa mbili asubuhi. Hili halihitaji maelezo.

5. Mji kwa miguu. Wabelgiji waliuanzisha mwaka 1910 wakauita Élisabethville, jina la malkia wao. Jina la Lubumbashi lilichukua nafasi yake mwaka 1966. Reli kutoka kusini ilifika mwaka uleule wa 1910, baada ya kupita kwanza upande wetu, Sakania. "Basi kule kwetu treni walianza kuiona," akasema mume wangu, kifua mbele. Tukatazama kanisa kuu la Watakatifu Petro na Paulo, matofali yake mekundu kama vumbi la kwetu. Tukapita sinagogi, halafu Jengo la 30 Juni, ambalo lilijengwa kuwa ukumbi wa tamthilia na siku hizi ndilo bunge la jimbo. Vaeni viatu vya chini. Mimi nilivaa vya juu, na mwenzangu akabeba mkoba wangu mji mzima bila kulalamika. Wanawake wawili sokoni walimpongeza.

4. Bukari ya moto. Mama mwenye watoto anakula mwisho, na anakula baridi. Siku ile niliwekewa bukari inayotoa moshi, sombe, na vinkubala vikavu vilivyolowekwa, vikakaangwa na nyanya na kitunguu mpaka vikalia chini ya jino. Hakuna mkono mdogo uliopita juu ya sahani yangu. Mkono mkubwa ulipita mara mbili. Nikausamehe, maana ndio uliolipa.

3. Makumbusho ya Taifa. Hapa msiharakishe. Tafuteni misalaba ya shaba, ile yenye mikono minne iliyokuwa fedha ya wazee wetu kabla ya faranga kufika. Mingine imefukuliwa makaburini kule Sanga, kandokando ya ziwa Kisale. Nilisogeza uso mpaka karibu na kioo. Kingo hazikunyooka, na uso wa shaba una vipele vidogo. Unaona kabisa kwamba kuna mtu aliyeiyeyusha, akaimimina, akangoja ipoe. Shaba hii tunaiona kila siku inapita mpakani kwetu juu ya malori, imefungwa kwa mikanda ya chuma, na tumezoea kudhani ilianza na kampuni. Haikuanza na kampuni. Watu waliifua, walifanya biashara na waliposa kwa misalaba hii karne nyingi kabla. Mume wangu akaninong'oneza, "Baba yako angeniomba mingapi?" Nikamwambia, "Mpaka leo ungekuwa bado unalipa." Mlinzi alicheka kabla yetu.

2. Bomba la moshi la Gécamines na mlima wake mweusi wa taka za madini. Tanuru lilianza kutoa shaba mwaka 1911, wakati wa Union Minière, kampuni iliyokuwapo kabla ya Gécamines. Serikali iliichukua kampuni hiyo mwaka 1967. Nendeni jua likishuka, mlima unapobadilika rangi. "Bomba umelipiga picha saba, mimi moja," nilimlalamikia. "Bomba halifumbi macho," akanijibu. Picha ile moja nimeiweka sebuleni.

1. Kutembea usiku, mkono kwa mkono, kutoka Kamalondo mpaka katikati ya mji.

Hili nimeliweka juu ya yote. Zamani, kati ya Kamalondo, mtaa wa Waafrika, na mji wa wazungu, Wabelgiji waliacha uwanja mtupu wa kuwatenga watu. Usiku, Mwafrika hakuruhusiwa kuonekana upande ule bila kibali. Babu yake mume wangu alikuwa mpishi huko. Kila jioni alivuka kurudi kwake akiwa na karatasi mfukoni, na hakuwahi hata mara moja kutembea na mkewe chini ya taa zile. Sisi tulitoka Kamalondo, tumeshiba muziki na samaki wa kuchoma, kibaridi kikiuma. Mume wangu akavua koti akanivika mabegani. Nikataka kukaza mwendo. Akanishika mkono: "Twende polepole. Leo hakuna atakayetuomba karatasi."

Anatamka neno karatasi kila siku ya kazi, lakini sijapata kumsikia akilitamka kwa sauti ile. Tulikwenda polepole mpaka mlangoni pa mahali tulipofikia, tukageuka, tukarudia njia ileile.

Shule zinafungwa mwanzoni mwa mwezi wa saba. Ongeeni na nkambo mapema, kabla shangazi hajamwahi.