Hotuba ya Bingwa wa Kazi za Mbali kwa Watu wa Mambrui

Waheshimiwa wa Mambrui, nanyi wa Malindi mliovuka daraja la Sabaki kuja kuchota elimu: nimesimama mbele yenu mimi, bingwa wa kazi za mbali, shahada nimejitunuku mwenyewe kwa kukosa mtahini wa kiwango changu. Hoja yangu ni moja. Anayefanyia kazi nyumbani akimwaga unga, si kwa kuwa yeye yuko mbali. Mwajiri ndiye aliye mbali, na mkono wa sheria haumfikii kirahisi. Ushahidi umo mchangani hapa hapa. Mwaka 2010 wachimbuaji wa Kenya na China walifukua Mambrui sarafu ya enzi ya mfalme Yongle wa China, yenye tundu la mraba katikati. Twiga wa Malindi alishamfikia mfalme huyo mwaka 1415. Mteja mnono kuliko huyo hakuwako, lakini mwaka 1433 misafara ya meli za China ikakoma kwa uamuzi wa huko huko, na sijasoma popote kwamba Malindi ililetewa notisi.

Wapo watakaonikatiza kwa methali: aso hapo na lake halipo, basi vijana wahamie Nairobi wakae machoni pa bosi. Nawasamehe. Januari 2023 kampuni ya Sama, iliyokuwa ikichuja picha na video za Facebook, ilitangaza kuwaachisha watu kama 260, nao walikuwa ofisini Nairobi, wakionekana hadi visogo. Machi 2024 jukwaa la kazi za mtandaoni la Remotasks, la Scale AI ya Marekani, likajifunga Kenya. Wafanyakazi wake walikuwa majumbani mwao. Wa kitini na wa kitandani, unga ulimwagika sawasawa.

Mtasema sheria ipo. Ipo, tena nzuri. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamdai mwajiri anayepunguza wafanyakazi notisi ya mwezi mmoja na malipo yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliotimia. Na katika kuchagua wa kuondoka, mwajiri aangalie muda wa mtu kazini, ujuzi, uwezo na kutegemeka kwake. Kiti kiko wapi, hakiulizi. Tatizo ni kwamba kinamlinda mwajiriwa, na kijana anayelipwa kwa kila kipande cha kazi huhesabiwa kuwa anajitegemea. Asubuhi anaandika neno la siri, akaunti haifunguki. Hayo ndiyo mazungumzo yake yote na idara ya wafanyakazi. Wachujaji wenye mikataba walau walipata pa kushika: 184 walikwenda kortini, na Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ikaamua kwamba Meta, mwenye Facebook, anaweza kushtakiwa Kenya.

Mwajiri akibanwa atahama, ananong'ona mmoja pale nyuma. Huenda; lakini aliyehama bila kubanwa mmekwisha kumwona. Kwa hiyo naagiza (mamlaka sina, sauti ninayo) kwamba anayegawa kazi, anayepanga malipo na anayefunga akaunti ahesabiwe mwajiri, hata akiwa amelala California. Maswali yawe mafupi. Majibu ninayo tangu jana.